HESABU YA WATU NA MSTARI MMOJA WA KITAMBULISHO

Mazungumzo baada ya habari: Nchi jirani

Mwezi Agosti mwaka 2022 nchi mbili zinazotenganishwa na mto Kagera zilihesabu watu wake. Tanzania ilipata watu milioni 61.7. Rwanda ilipata watu milioni 13.2. Makarani wa sensa wa nchi zote mbili walipita nyumba hata nyumba wakiuliza umri wa mtu, elimu yake na kazi yake. Lakini lipo swali moja ambalo halikuulizwa upande huu wa mto wala upande ule: Wewe ni kabila gani?

Tanzania iliuliza swali hilo kwa mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967, kisha ikaliweka kando katika kazi ya kujenga taifa moja. Rwanda nayo iliendelea kuliuliza hadi sensa ya mwaka 1991, na ikaliacha baada ya kulipa gharama ambayo haisemeki. Mazungumzo haya yanaeleza njia iliyotoka kwenye daftari la hesabu hadi kwenye kizuizi cha barabarani. Yanawahusu kwanza askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu mwisho wa njia hiyo alisimama mtu mwenye silaha, akanyosha mkono, akadai kuona kitambulisho.

Ndugu wasikilizaji, mtu wa Afrika Mashariki akisikia neno kabila hufikiri watu wenye lugha yao, nchi yao ya asili na mila zao. Kwa kipimo hicho Wahutu, Watutsi na Watwa wa Rwanda ni vigumu kuwaita makabila. Wote husema lugha moja, Kinyarwanda. Waliishi juu ya vilima vilevile, wakamwabudu Mungu mmoja waliyemwita Imana, wakamtii mwami mmoja. Hata koo zao, kama vile Abanyiginya, Abega, Abasinga na Abagesera, zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Neno ubwoko, ambalo baadaye liliandikwa katika vitambulisho kwa maana ya kabila, lilitumika zamani kumwuliza mtu ukoo wake.

Si haki kusema kwamba dhuluma haikuwako. Ilikuwako. Watutsi wengi walikuwa wafugaji na karibu na utawala. Wahutu wengi walikuwa wakulima. Watwa, walio wachache kabisa, walikuwa wawindaji na wafinyanzi. Katika utawala wa Mwami Rwabugiri, aliyekufa mwaka 1895, kazi za shuruti za uburetwa ziliwaelemea Wahutu, na chuki ikapata mbegu. Hata hivyo mlango haukuwa umefungwa. Mhutu aliyepata ng'ombe na cheo aliweza, yeye au wajukuu wake, kuhesabiwa miongoni mwa Watutsi, na Wanyarwanda walikuwa na neno maalumu la kueleza mabadiliko hayo: kwihutura. Aliyefilisika naye aliweza kuteremka. Mambo haya yalikwenda polepole, kwa vizazi, lakini yalikwenda.

Wajerumani waliitawala Rwanda pamoja na Burundi na Tanganyika. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliwatoa, na Ubelgiji ikakabidhiwa nchi hiyo kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Wabelgiji walikuja na nadharia iliyokuwa ikipendwa Ulaya siku hizo, kwamba wanadamu wamegawanyika katika mataifa ya kutawala na mataifa ya kutawaliwa. Wakaamua kwamba Watutsi ni wageni wa asili bora kutoka kaskazini, waliozaliwa kutawala. Kati ya mwaka 1926 na 1931 walibadilisha utawala wa vilima, wakawaondoa machifu wa Kihutu, wakaweka Watutsi mahali pao. Mwami Musinga, ambaye hakuwapendeza, waliuzulu mwezi Novemba 1931, wakamweka mwanawe Rudahigwa.

Palibaki shida moja. Utawala ulitaka kodi na ulitaka watu wa kazi za shuruti, na mambo hayo mawili yalihitaji majina. Tena, ikiwa watu fulani wamechaguliwa kutawala na wengine kutumika, ilibidi ajulikane nani ni nani. Na katika nchi yenye lugha moja jambo hilo halikuwa jepesi. Ndipo ikafanywa hesabu ya mwaka 1933 na 1934. Kila mtu mzima aliandikishwa na kundi lake likaandikwa. Watu wapatao 84 katika kila mia waliandikwa Wahutu, 15 Watutsi na 1 Mtwa. Mtu mzima akapewa cheti cha kubeba chenye kundi lake ndani yake, na tangu hapo mtoto aliyezaliwa aliandikwa kwa kundi la baba yake.

Hadithi moja hurudiwa mara nyingi, kwamba makarani walihesabu ng'ombe, aliye na ng'ombe kumi au zaidi akaandikwa Mtutsi na aliye na pungufu akaandikwa Mhutu. Wanahistoria wengi hawaikubali, kwani Watutsi wa kawaida hawakuwa na mali ya namna hiyo. Lililo la hakika ni kwamba watu wengi waliulizwa tu, wakajibu, na jibu likaandikwa. Jibu la mtu mmoja, siku moja, mbele ya karani mmoja, likawa ndilo hali yake, ya mwanawe na ya mjukuu wake. Jambo lililokuwa likibadilika kwa vizazi liligandishwa kwa wino.

Ndugu wasikilizaji, nchi za jirani zilikijua kipande. Wazee wa Kenya wanakumbuka kile kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kilichomzuia mfanyakazi kumtoroka bwana wake. Kipande cha Kenya kililia na mtu mzima mtafuta kazi. Cheti cha Rwanda kilizidi hapo, kwa sababu kilimfuata mtu tangu kuzaliwa, kikamwambia atasoma wapi, atafanya kazi gani na atapigwa kiboko na nani. Kufikia mwaka 1959, machifu 43 kati ya 45 walikuwa Watutsi, na machifu wadogo 549 kati ya 559. Watutsi wengi walikuwa maskini kama jirani zao Wahutu, lakini aliyeshika kiboko cha serikali juu ya kilima alikuwa Mtutsi, na Mhutu alimwona huyo. Mbelgiji alikuwa mbali.

Mwezi Machi 1957 wasomi tisa wa Kihutu walitoa waraka unaojulikana kama Ilani ya Wahutu. Walidai mageuzi, na madai yao mengi yalikuwa ya haki. Lakini ndani ya waraka huo mna jambo la kutafakari. Wapo waliokuwa wakishauri kwamba maneno Mhutu, Mtutsi na Mtwa yafutwe katika vyeti. Waandishi wa ilani walikataa. Walihofu kwamba yakifutwa, hakuna takwimu itakayoonyesha jinsi vyeo na nafasi za shule zilivyohodhiwa na kundi moja.

Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Anayedhulumiwa hutaka dhuluma ipimwe. Lakini chombo kikiachwa mikononi mwa dola hubadilisha kazi pindi dola inapobadilisha mikono. Mwezi Novemba 1959 machafuko yalianza. Wabelgiji wakageuka, wakawaacha Watutsi waliowainua na kuwaunga mkono Wahutu. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na Watutsi kwa maelfu mengi wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda ilipata uhuru chini ya Rais Grégoire Kayibanda. Vyeti vya mkoloni havikuchanwa. Bendera ilibadilika na cheti kikabaki.

Mwezi Julai 1973 Jenerali Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka. Katika utawala wake takwimu ya kabila ilipewa kazi mpya, nayo ikaitwa siasa ya usawazishaji. Nafasi za shule za sekondari na za kazi za serikali ziligawanywa kulingana na idadi ya kila kundi. Kwa masikio ya haraka siasa hiyo ina sauti ya haki. Watutsi wakiwa tisa au kumi katika mia, wapate nafasi tisa au kumi katika mia. Lakini nani alihesabu, na kwa faida ya nani?

Hesabu za mwaka 1956 ziliwaweka Watutsi kwenye 17 hivi katika mia. Sensa ya mwaka 1978 iliwaweka karibu na 10. Sensa ya mwezi Agosti 1991, nchi ikiwa na watu zaidi kidogo ya milioni 7, iliwaweka kwenye 8.4. Upungufu huo una sababu za kweli. Wengi walikuwa wameuawa, na wengi zaidi walikuwa uhamishoni. Lakini ziko sababu nyingine. Serikali iliyotoa nafasi kwa kipimo cha idadi ilikuwa na faida kama idadi itakuwa ndogo. Na mtu aliyejua kwamba neno Mtutsi litamfungia mwanawe mlango wa shule alikuwa na kila sababu ya kumwona karani kwa siri na kurudi nyumbani akiwa Mhutu wa karatasi. Watafiti waliokuja kulinganisha daftari za utawala za mkoa wa Gikongoro na takwimu za sensa ya 1991 waligundua kwamba sensa ilionyesha Watutsi wachache kuliko daftari hizo. Mizani iliyotumiwa kugawa haki ilikuwa imekwisha kutiwa mkono.

Ndugu wasikilizaji, jeshi nalo halikubaki nje. Katika Jeshi la Rwanda la siku zile maofisa wa Kitutsi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na askari wa Kihutu alikatishwa tamaa ya kuoa mke wa Kitutsi. Vita vilipoanza tarehe 1 Oktoba 1990, baada ya majeshi ya chama cha RPF kuingia kutoka Uganda, gazeti la Kangura lilichapisha mwezi Desemba mwaka huo amri kumi za chuki. Mojawapo ilitaka jeshi liwe la Wahutu peke yao. Amri hiyo ingemshangaza askari yeyote aliyefunzwa sawasawa. Jeshi la nchi hupewa mpaka wa kulinda, na mpaka hauna kabila. Jeshi likiwa la sehemu moja ya wananchi, sehemu iliyobaki hugeuka kuwa adui hata kabla haijafanya lolote.

Nafasi ya kujinusuru ilipatikana mara mbili. Mwezi Novemba 1990 Rais Habyarimana mwenyewe alitangaza kwamba kabila litaondolewa katika vitambulisho. Halikuondolewa. Mwezi Agosti 1993, mjini Arusha, serikali yake na RPF walitia sahihi mapatano ya amani, na ndani yake mliandikwa kwamba serikali ya mpito itafuta kabila katika hati zote za serikali zitakazotolewa. Serikali hiyo ya mpito haikuundwa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, aliyekuwa akirudi kutoka mkutano wa viongozi wa nchi jirani uliofanyika Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikuwamo. Wote waliokuwamo walikufa. Usiku uleule vizuizi viliwekwa barabarani, na vitambulisho vilivyokutwa mifukoni mwa watu vilikuwa bado vile vya zamani.

Kitambulisho cha Rwanda kilikuwa karatasi yenye picha ya mtu. Palikuwa na mstari wenye neno ubwoko, na mbele yake yamepigwa chapa majina ya makundi, Hutu, Tutsi, Twa. Karani aliyetoa kitambulisho alikuwa amekata kwa kalamu majina yasiyohusika. Jina lililoachwa bila kukatwa ndilo lililosomwa kizuizini. Aliyeachiwa Hutu mara nyingi alipita. Aliyeachiwa Tutsi alitolewa pembeni. Asiye na kitambulisho alitazamwa kimo na pua, na hapo Wahutu wengi waliofanana na picha iliyochorwa na Wabelgiji waliuawa kama Watutsi, na Watutsi wengine waliofanana na picha ya Wahutu wakapona. Wahutu waliopinga mauaji waliuawa pamoja na waliowatetea. Ikaonekana waziwazi kwamba mistari ile haikuwamo miilini mwa watu. Ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ikapewa mamlaka ya kuua.

Nani alisimama kizuizini? Walikuwako wanamgambo wa Interahamwe, na walikuwako wakulima wa kawaida waliosukumwa na maofisa wa komuni kushika panga. Lakini walikuwako pia askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais, askari wa jeshi, askari wa jandarmeri na polisi wa komuni. Hao walikuwa wamekula kiapo. Hao walikuwa na magari, simu za upepo na bunduki, na raia aliyekimbilia kwao alidhani amefika salama. Kanisa lililozingirwa na wakulima wenye marungu liliweza kujitetea kwa mawe siku moja au mbili. Lilipozingirwa na askari wenye mabomu ya mkono halikuweza tena.

Katika muda wa siku mia moja waliuawa watu ambao idadi yao haijakubaliwa na wote hadi leo. Waliotegemea sensa ya 1991 walifikia makadirio ya watu wasiopungua nusu milioni. Umoja wa Mataifa umezoea kutaja 800,000. Serikali ya Rwanda, baada ya uchunguzi wake wa vijiji na vilima, ilitaja zaidi ya milioni moja. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na sensa yenyewe. Ikiwa hai hawakuhesabiwa kwa ukweli, wafu nao hawawezi kuhesabiwa. Hesabu ya uongo iliwanyima watu shule walipokuwa hai, na ilipowadia siku ya kuwazika ikawanyima hata idadi yao.

Watanzania wa Ngara hawakuyasikia haya kwa redio tu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokuwa wakiwakimbia wapiganaji wa RPF, na ndani yao walichanganyika wanyonge na wauaji. Mto Kagera uliokuwa chini ya daraja hilo ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Victoria. Askari wa Tanzania waliokuwa zamu pale walipokea watu na kukusanya mapanga kabla ya kuwapitisha. Hawakuwa na nafasi ya kujua nani ni nani kwa kutazama sura. Walichoweza kufanya, na ndicho sheria inachotaka, ni kumpokonya silaha kila aliyenayo na kumpa maji kila mwenye kiu.

Ndugu wasikilizaji, mahakama ya kimataifa iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994 iliwekwa Arusha, ikafanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015. Hukumu yake ya kwanza ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba na mwenye amri juu ya polisi wa komuni hiyo. Wakili anaweza kuuliza: ikiwa Watutsi na Wahutu wana lugha moja na desturi moja, je, kuna kabila lililouawa? Majaji walitazama vitambulisho. Wakasema kwamba dola yenyewe iliwaandika wananchi wake kwa makundi ya kudumu, mtoto akafuata kundi la baba, na watu wenyewe wakajitambua hivyo. Karatasi iliyotumika kuwatambua wa kuuawa ikawa shahidi dhidi ya wauaji.

Zipo kesi za mahakama hiyo ambazo kila mwenye cheo begani anapaswa kuzijua. Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Waziri wa Ulinzi, alihukumiwa mwaka 2008 kifungo cha maisha, kikapunguzwa katika rufaa mwaka 2011 kuwa miaka 35. Alikufa kifungoni nchini Mali mwaka 2021. Jenerali Augustin Bizimungu, Mkuu wa Majeshi, alihukumiwa mwaka 2011 kifungo cha miaka 30. Sheria iliyounda mahakama ilisema mambo mawili. La kwanza, mkubwa aliyejua au aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu, asiwazuie wala kuwaadhibu, anabeba hatia. La pili, mdogo aliyetenda kwa amri ya mkubwa haponi kwa kusema aliamriwa. Amri inaweza kumpunguzia adhabu. Haiwezi kumwondolea kosa.

Upo pia mfano wa namna nyingine. Miongoni mwa askari wachache wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Kigali alikuwamo Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Hakuwa na kikosi, na kazi yake ya uangalizi haikumpa nguvu ya kupigana. Siku baada ya siku aliwapakia watu katika gari lake, wachache wachache, akawapitisha vizuizi vilevile vilivyosoma vitambulisho. Alitumia mzaha, sigara, na ujasiri wa mtu aliyejua kwamba askari wa kizuizini naye ni mwanadamu anayeweza kuzungumzishwa. Tarehe 31 Mei 1994 kombora la mzinga lilimuua akiwa kizuizini. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa kwa jina lake. Watu aliowaokoa walikuwa na vitambulisho kama vya wenzao waliouawa. Tofauti ilikuwa askari waliyekutana naye.

Je, basi, kuhesabu makabila ni dhambi? Hapana haja ya kufika huko. Kenya huuliza kabila katika sensa zake na huchapisha matokeo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha Wakikuyu milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Wajaluo milioni 5 na zaidi kidogo, na wengineo kwa urefu wa orodha. Wakenya wengi hutaka takwimu hizo ili wajue kama kazi na fedha za serikali zinagawanywa kwa haki, na hoja yao inafanana na ile ya waandishi wa mwaka 1957. Lakini pana tofauti kubwa kati ya jumla na jina. Sensa iliyofanywa kwa uaminifu huchukua jina la mtu, hulifunga kwa kiapo cha siri, hutoa jumla peke yake. Jumla haiwezi kusimamishwa barabarani. Hatari ya Rwanda ilianza pale jumla iliporudishwa kwa kila mtu mmoja mmoja, ikaandikwa katika daftari la komuni na kutiwa katika mfuko wa shati lake.

Wala kufuta mstari peke yake hakutoshi. Kitambulisho cha Kenya hakikuwa na kabila, lakini kilikuwa na jina na wilaya ya kuzaliwa. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 walikufa, vijana waliziba barabara za Bonde la Ufa wakadai vitambulisho, nao walisoma kabila ndani ya jina. Mwenye nia mbaya husoma hata pasipoandikwa. Ndiyo sababu sheria ya vitambulisho ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa askari.

Rwanda yenyewe imefanya nusu yake ya kwanza. Vitambulisho vilivyotolewa baada ya mwaka 1994 havina kabila. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 8.1, ya 2012 milioni 10.5, na ya 2022 milioni 13.2, zote bila swali hilo. Wapo wanaosema kwamba kunyamaza nako kuna hatari yake, kwa kuwa lisilohesabiwa haliwezi kusahihishwa. Wanyarwanda watalijadili jambo hilo wenyewe. Lakini hakuna anayeomba kurudishiwa karatasi ile.

Ndugu wasikilizaji, askari anayesimama kizuizini usiku, akiwa Rusumo, Kabanga, Namanga au Mutukula, ana haki ya kuuliza mambo mengi. Ana haki ya kujua jina la mtu, atokako na aendako. Ana haki ya kujua amebeba nini na kwa kibali gani. Hayo yote yanahusu matendo ya mtu, na mtu hujibu kwa matendo yake. Likija swali la mtu huyo amezaliwa na nani, kwa nia ya kujua atendewe vipi, hapo askari ameacha kazi aliyoapa na ameshika kazi ya karani wa mwaka 1933. Na akiamriwa na mkubwa wake kuliuliza, akumbuke kwamba Arusha haikukubali jibu la "niliamriwa".

Wahenga walisema wino wa Mungu haufutiki. Wino wa mwanadamu hufutika. Ule wa Rwanda ungeweza kufutwa mwaka 1957, mwaka 1962, mwaka 1990 na mwaka 1993, na kila mara palikuwa na mtu mwenye kalamu mkononi aliyeahirisha. Wakati wa kufuta ulipopita, ilibaki hukumu ya mtu mmoja aliyesimama barabarani na karatasi mkononi. Wachache walimrudishia mwenyewe karatasi yake, wakamwambia pita.